Gregory Maloba: Mwana wa Mumias aliyetengeneza sanamu iliyo kwenye kila noti ya Uganda

MAHAGI – Kwenye masoko ya teritware ya Mahagi, shilingi ya Uganda inatembea pamoja na feranga ya Kongo na dola ya Marekani. Mama anayeuza samaki wa Mahagi-Port, kijana anayepeleka kahawa mpaka kwenye mpaka, mfanyabiashara anayerudi kutoka Goli na sabuni au mabati, wote wanaihesabu pesa hiyo kila siku, na kwa sababu wanaihesabu haraka hawaiangalii. Noti ziko za aina 6: 1.000, 2.000, 5.000, 10.000, 20.000 na 50.000. Tangu Banki Kuu ya Uganda ilipozitoa kwa sura mpya mwaka 2010, kila moja ina picha ndogo ya mtu mrefu aliyezungushiwa vitambaa mwilini, amemwinua mtoto juu ya kichwa chake, na mtoto naye amenyoosha mikono juu.

Hiyo ni sanamu ya uhuru iliyo katikati ya muji wa Kampala. Wengi wa huku wamepita mbele yake wakienda kununua mali, na wengine wamepigwa foto chini yake. Aliyeitengeneza hakuwa mtu wa Uganda. Alikuwa Mkenya, jina lake Gregory Maloba, na wakati alipokuwa anaitengeneza, inchi yake mwenyewe ilikuwa ingali chini ya bendera ya Uingereza.

Maloba alizaliwa mwaka 1922 huko Mumias, magharibi ya Kenya, kwenye eneo la Waluhya. Mtu wa Mahagi hatashangaa akisikia historia ya mahali hapo. Mumias palikuwa makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na misafara iliyotoka pwani ikielekea Buganda ilipumzika kwake. Mpaka mwaka 1902 eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Kisha Waingereza wakausogeza mpaka kwenye karatasi, na watu wa Mumias wakajikuta wako upande mwingine bila kuhama hata nyumba moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Waalur pia: makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji mwaka 1910 yaliwaacha ndugu wa ukoo mmoja, hawa Nebbi, hawa Mahagi. Maloba alizaliwa kwenye mstari wa namna hiyo, na maisha yake yote aliyapitisha akiuvuka.

Mwaka aliozaliwa ndio mwaka ambapo shule ndogo ya ufundi ilifunguliwa juu ya kilima cha Makerere, Kampala. Mwanzoni ilikuwa ya kufundisha useremala, ujenzi na umakanika. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja itafundisha kuchora picha au kutengeneza sanamu. Jambo hilo lililetwa na mwanamke mmoja Mwingereza, na bila yeye maisha ya Maloba hayaelezeki.

Margaret Trowell alizaliwa London mwaka 1904. Alisoma sanaa kwenye shule ya Slade, halafu akasomea ualimu kwa Marion Richardson, mwalimu aliyejulikana Uingereza kwa njia yake ya kufundisha watoto kuchora: aliwaambia wafumbe macho, akawasimulia jambo fulani kwa maneno, kisha kila mmoja akachora alichokiona moyoni mwake. Mwaka 1929 Trowell alimfuata bwana yake, daktari Hugh Trowell, mpaka Kenya, wakakaa kati ya Wakamba huko Machakos. Mwaka 1935 daktari akahamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Wale wanaofanya kazi ya kutibu watoto huku Ituri wanalijua jina hilo kwa njia nyingine, maana Hugh Trowell ni mmoja wa madaktari walioichunguza kwashiorkor, ule ugonjwa wa mtoto kuvimba kwa kukosa chakula chenye nguvu, na kuandika juu yake kitabu kikubwa mwaka 1954.

Bibi yake hakupenda kukaa bure. Mwaka 1937 alianza kufundisha kuchora kwenye baraza ya nyumba yake. Wanafunzi walikuwa wachache, karatasi chache. Mwaka 1938 akaonyesha kazi zao Namirembe, na mwaka 1939 zikaonyeshwa London. Baadaye Makerere ikalipokea darasa hilo kama sehemu ya chuo. Wazungu wengi wa wakati ule walimcheka. Kwao, Mwafrika alihitaji kujifunza kuandika hesabu na kupiga msumari, na kumfundisha sanaa kulikuwa kupoteza makuta ya serkali. Trowell aliwajibu kwamba watu hawa walikuwa na sanaa yao muda mrefu kabla Mzungu hajafika: vikapu, mikeka, vyungu, ngoma, vitambaa vya magome ya mti. Alizikusanya kazi hizo, akasimamia jumba la makumbusho la Uganda kwa miaka kadhaa, na mwaka 1953 akatoa pamoja na Klaus Wachsmann kitabu kikubwa juu ya ufundi wa makabila ya Uganda. Wachsmann alishughulikia upande wa vyombo vya muziki. Adungu, kinanda cha nyuzi ambacho Waalur wa pande zote mbili za mpaka wanakipiga mpaka leo, ni kimoja cha vile vilivyojulikana zaidi katika inchi hiyo.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho hakikuonekana sana katika ufundi wa Uganda: sanamu ya mtu. Upande wetu jambo si geni. Kule Haut-Uele, Wamangbetu walitengeneza vyungu vyenye kichwa cha mwanamke mwenye nywele zilizosukwa juu, na vinubi ambavyo shingo yake inaishia kwenye uso wa mtu. Ukivuka kuelekea mashariki, mafundi waliweka akili yao kwenye umbo la chungu, kwenye msuko wa kikapu, kwenye ngoma. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Luzira karibu na Kampala, wafungwa waliokuwa wakichimba udongo kwa ajili ya ujenzi wa gereza walikuta kichwa cha udongo wa kuchomwa, cha zamani sana. Kilipelekwa London, na mpaka leo kiko British Museum. Kwa hiyo watu wa zamani wa hapo walijua kufinyanga uso wa mtu. Ila ujuzi huo ulikuwa umekatika, na hakuna mzee aliyebaki wa kuufundisha.

Maloba ndiye aliyeuanzisha tena, na hakuanza kwa heshima ya makumbusho. Alikuwa kijana kutoka shule za magharibi ya Kenya mwenye mikono isiyotulia. Trowell aliona kazi yake, akaelewa kwamba mbele yake kuna mtu ambaye hatatosheka na karatasi na rangi. Karibu mwaka 1940 kijana akafika Makerere. Alikuwa kati ya wanafunzi wa kwanza kabisa kuifanya sanaa kuwa masomo yao yote, si kitu cha kupumzisha akili jioni baada ya hesabu na historia.

Ni vizuri kukumbuka jambo hilo lilimaanisha nini kwa familia. Mwaka ule, kijana aliyefika Makerere alikuwa ameshapita mlango ambao maelfu hawakuupita. Kutoka hapo alitarajiwa kurudi kama mwalimu, karani au msaidizi wa daktari, avae viatu, ajenge nyumba ya mabati na alipe masomo ya wadogo zake. Kurudi nyumbani na kusema kwamba mtu anasomea kufinyanga udongo, kazi ambayo sehemu nyingi za kwao ilifanywa na mama wakifinyanga vyungu, hakukuwa rahisi. Leo hii mzazi wa Bunia au wa Butembo ambaye mtoto wake anataka kwenda Kinshasa kwenye Académie des Beaux-Arts anajua vizuri mazungumzo ya namna hiyo yanavyokwenda mezani.

Mwaka 1941 Maloba akachonga mti, kazi akaiita Kifo. Alikuwa na miaka 19. Wanafunzi wengine wa darasa lile walichora vijiji, sherehe, masoko, hadithi za Biblia, maana Trowell alikuwa mkristo wa moyo na alipenda sana sanaa iingie kanisani. Kijana huyu alichagua kitu ambacho hakuna anayependa kukiangalia. Kifo ndiyo kazi ya kwanza iliyomtambulisha. Wanaoandika juu ya sanaa ya Afrika ya Mashariki wanaanzia pale karibu kila mara, na wana haki. Hapo palionekana kwamba mwanafunzi amemwacha mwalimu nyuma.

Maana kati ya hao wawili kulikuwa na mvutano, hata kama walipendana kama mama na mwana. Trowell aliogopa kuwafundisha wanafunzi wake njia za Ulaya. Alifikiri kwamba Mwafrika akionyeshwa sana kazi za Wazungu atakuwa mwigaji, atapoteza kilicho chake. Hofu hiyo ilikuwa na wema ndani yake, na ilikuwa na kosa ndani yake pia, sababu iliamua kwa niaba ya mwanafunzi kipi ni chake na kipi si chake. Maloba hakuwa na wazee wa kumfundisha sanamu huko Mumias wala Kampala. Kama hangeangalia kazi za Ulaya, angeangalia nini? Akaenda Uingereza kusoma zaidi, akaona kwa macho namna wachongaji wa kule wanavyoshika udongo, jiwe, plasta na chuma. Kisha akarudi, akawa mwalimu pale pale Makerere.

Huko Kongo wakati huo huo mambo yalikuwa yanakwenda kwa njia inayofanana. Mwaka 1943 Frère Marc-Stanislas alifungua shule ya Saint-Luc kwenye misioni ya Gombe-Matadi, upande wa Bas-Congo, ambayo baadaye ilihamia Léopoldville na kuwa Académie des Beaux-Arts. Katika shule hiyo ndimo alimotoka Lufwa Mawidi, aliyetengeneza ile sanamu kubwa ya mpiga ngoma kwenye maonyesho ya FIKIN, Kinshasa, sanamu inayosifu sanaa yenyewe: mtu na ngoma yake, basi. Na huko Élisabethville, kutoka mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alikusanya wachoraji kwenye karakana yake, akawaambia nao wasiige Ulaya. Mwalimu mgeni, wanafunzi wa kwetu, na swali lile lile la nani anaamua. Kampala, Léopoldville na Élisabethville hazikuandikiana barua juu ya jambo hilo, lakini zilikuwa zinabishana jambo moja.

Maloba na mwenzake Sam Ntiro wa Tanganyika, aliyekuwa mchoraji, ndio Waafrika wa kwanza kufundisha sanaa Makerere. Ntiro alizaliwa kwenye mteremko wa Kilimanjaro, akachora maisha ya kwao mpaka alipozeeka, na Tanganyika ilipopata uhuru alitumwa London kama balozi. Maloba hakuwa mtu wa siasa wala wa maneno mengi hadharani. Alibaki kwenye karakana. Kwa miaka mingi wanafunzi kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walipita kwenye chuo kile, kati yao Elimo Njau, ambaye mwaka 1959 alichora ukutani, kwenye kanisa la Fort Hall huko Kenya, maisha ya Yesu kwenye milima ya Wakikuyu, na Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa pale. Mwaka 1958 Trowell aliondoka Uganda na bwana yake. Nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd, aliyekuja na mawazo mengine kabisa: wanafunzi waonyeshwe kila kitu, Ulaya, India, Misri, halafu wachague wenyewe. Maloba alibaki kati ya zama hizo mbili, na labda yeye alifurahia mabadiliko hayo kuliko wengine, sababu alikuwa ameshachagua mwenyewe zamani.

Kisha ukaja mwaka 1962.

Uganda ilikuwa inaelekea uhuru, na serkali ya Waingereza iliyokuwa inafunga mizigo ilitaka kuacha alama katikati ya muji. Kazi akapewa Maloba. Ni vizuri kusimama kidogo hapa. Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 mwezi wa sita 1960, na miezi 7 haijaisha Lumumba ameuawa. Mwaka ule ule wa 1962 jimbo la Orientale lilikatwa vipande, Bunia ikawa makao ya jimbo jipya la Kibali-Ituri. Kenya ilikuwa bado koloni. Jomo Kenyatta alikuwa ametoka kifungoni mwaka mmoja tu kabla, na bendera ya Kenya haikupanda mpaka tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1963. Mkenya aliyekuwa bado raia wa koloni alipewa kazi ya kuonyesha uhuru wa jirani unafanana na nini, na aliyemlipa ni mkoloni yule yule aliyekuwa bado anaishika inchi ya nyumbani kwake. Sanamu nyingi za uhuru barani Afrika zilitengenezwa baada ya sherehe, na mara nyingi na mafundi waliotoka mbali. Hii ilitoka mikononi mwa mwana wa Afrika ya Mashariki aliyeufikiri uhuru kabla ya kuuonja.

Angeweza kutengeneza kiongozi. Hilo ndilo lililotazamiwa na wengi, na hilo ndilo lililofanyika sehemu nyingine. Mtawala wa koloni alipenda kujiweka juu ya farasi, kama Léopold II huko Léopoldville, ambaye sanamu yake Mobutu aliiondoa mwaka 1967, na iliporudishwa mwaka 2005 haikumaliza hata siku moja. Wakubwa wapya nao walipenda nyuso zao wenyewe. Kama Maloba angetengeneza uso wa Obote au wa Kabaka, sanamu ingedumu miaka michache tu kisha ingevunjwa na yule aliyefuata. Yeye alitengeneza mtu asiye na jina. Kichwa chake hakina kofia ya mfalme wala miwani ya waziri. Mwili umezungushiwa vitambaa kutoka chini mpaka juu, kama mtu aliyefungwa ambaye kamba zinaanza kulegea, au kama mtoto mchanga aliyefungwa nguo, au kama maiti iliyoviringishwa sanda. Watu wamebishana miaka yote hii. Wengi wa Kampala wanamwita mama. Wengine wanasema ni mwanaume. Maloba hakuandika jibu kwenye jiwe la msingi, na alifanya vizuri. Kinachoonekana wazi ni kwamba mwili wa chini ni mzito na umefungwa, na kadiri macho yanavyopanda ndivyo unavyokuwa mwepesi, mpaka kwenye mtoto ambaye hana kamba hata moja, mikono yake imefunguka yote.

Mtoto huyo ndiye Uganda, hilo linakubaliwa na karibu kila mtu. Lakini kwa mtu aliyeyafuata maisha ya Maloba, mtoto anaweza kuwa na maana ya pili. Fundi naye humwinua mtoto wake siku kazi inapotoka karakanani. Katika eneo ambako miaka 25 kabla watu walicheka waliposikia kwamba Mwafrika anafundishwa sanaa, kazi ya umma iliyo kubwa kuliko zote ilitoka kwenye darasa lililoanzia baraza ya nyumba ya mtu. Trowell alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo hakuwepo kuisimamia wala kuishauri.

Sanamu ina urefu wa karibu mita 6 na imetengenezwa kwa beto. Uchaguzi huo si wa bahati. Shaba nyeusi, ambayo Wazungu waliitumia kwa sanamu zao za barabarani, inahitaji tanuru kubwa, mafundi wa kuyeyusha na pesa nyingi, na mara nyingi ilipelekwa kumiminiwa Ulaya. Beto ni kitu cha kila muashi: simenti, mchanga, kokoto, maji, na vyuma ndani ili isipasuke. Kwa kawaida sanamu ya namna hiyo inaanza kwa umbo dogo la udongo ili fundi apime viungo. Kisha vyuma vinakunjwa na kufungwa kama mifupa ya mtu, na simenti inashikishwa juu yake au inamiminwa ndani ya kalibu. Sehemu ngumu ni mikono iliyoinuliwa. Uzito wote wa mtoto unakaa juu ya mikono miwili iliyo hewani, na chuma kikikosewa, mvua mbili tatu zinatosha kuonyesha ufa. Mvua za Kampala si chache. Mikono ya sanamu ya Maloba imeshikilia zaidi ya miaka 60.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 mwezi wa kumi 1962, bendera ya Uingereza ilishushwa kwenye uwanja wa Kololo mbele ya mwana wa ukoo wa kifalme, Duke wa Kent, na bendera ya rangi nyeusi, njano na nyekundu yenye korongo ikapanda. Milton Obote akawa waziri mkuu wa inchi huru. Wimbo wa taifa ulikuwa umetungwa na George Kakoma, bendera imechorwa na Grace Ibingira. Majina hayo mawili watoto wa Uganda wanafundishwa shuleni. Jina la Maloba linasikika mara chache zaidi, labda kwa sababu hakuwa wa kwao, na Kenya nayo haikumdai sana kwa sababu kazi yake kubwa iko kwa jirani. Mtu wa mpakani anaijua hali hiyo ya kuhesabiwa huku na kule na kusahauliwa pande zote mbili.

Katika miaka ya 1960, baada ya kufundisha Makerere kwa miaka mingi, Maloba alirudi Kenya, kwenye chuo kikuu cha Nairobi, akaongoza idara ya ubunifu wa vitu. Jina lenyewe linaonyesha wakati ulivyobadilika. Inchi mpya zilitaka viti, vyombo, vitambaa, alama za viwanda, na mchongaji aliyeanza na Kifo sasa alifundisha vijana namna kitu cha kila siku kinavyopata umbo zuri. Wengine waliona kwamba hapo aliiacha kazi yake ya kweli. Kwa upande mwingine, mamia ya watu waliopita mikononi mwake walikwenda kufundisha na kufanya kazi katika inchi zote za eneo hili, na hiyo ni kazi ambayo haina jiwe la msingi.

Yaliyotokea Kampala baada ya yeye kuondoka yanajulikana. Mwaka 1966 jeshi la Obote lilishambulia jumba la Kabaka huko Mengo. Mwaka 1971 Idi Amin akampindua Obote, na walimu na wanafunzi wengi wa Makerere wakakimbia. Mwaka 1979 jeshi la Tanzania likaingia Kampala, Amin akakimbia, na watu wengi wa West Nile wakavuka kuja Zaire, wengi wao kwenye teritware za Aru na Mahagi, ambako wazee bado wanakumbuka miaka ile ya kugawana mashamba na wageni. Obote akarudi, Tito Okello akamwondoa mwaka 1985, Museveni akaingia mwezi wa kwanza 1986. Katika muda wote huo hakuna serkali iliyoona sababu ya kuivunja sanamu ya Maloba. Haikuwa na uso wa adui wa mtu yeyote. Kila aliyechukua nguvu aliweza kusema kwamba mtoto yule ni wake.

Ni hapo ambapo mtu wa Ituri ana haki ya kuiangalia noti kwa jicho lake mwenyewe. Jeshi la inchi hiyo hiyo liliikalia Ituri mpaka mwaka 2003, na tarehe 9 mwezi wa pili 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliihukumu Uganda kulipa Kongo dola milioni 325 kwa maovu ya miaka ile. Kuna familia Mahagi na Djugu zinazopokea pesa yenye picha ya mtoto aliyeinuliwa huku zikiwahesabu watoto wao waliobaki njiani. Maloba hakuhusika kwa lolote. Lakini sanamu ya barabarani ina tabia hiyo: ikishatoka kwa fundi, kila mtu anaiwekea maisha yake.

Hoteli kubwa imejengwa karibu nayo, ile ambayo leo inaitwa Sheraton, na biro na banki zimeizunguka, hata mita 6 zinaonekana kuwa chache. Siku za mwisho wa masomo vijana wenye majoho wanakuja na wazazi kupigwa foto, na wapiga picha wa barabarani wanasubiri na kamera zao, ingawa simu zimewapunguzia kazi.

Maloba alikufa mwaka 2007, akiwa na miaka 85 au karibu. Miaka mitatu baada ya hapo, noti mpya za Uganda zilitoka na sanamu yake juu ya kila moja, kutoka elfu moja mpaka elfu hamsini. Zikapita Nebbi, zikavuka Goli, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimeshachakaa mikononi mwa wauza samaki wa Mahagi.